Funza wa Gitega Wafika Gasorwe

Jumatatu, 3 Machi. Gitega.
Chai, kisha kwa miguu kutoka mtaa wa Yoba hadi barabara ya miti. Bado wanakata. Makala yangu imefanya kazi: miti ya migrevilea iliyotobolewa na wadudu inaangushwa. Lakini magogo hayachomwi. Yanapakiwa kwenye lori, na magome yake. Dereva anasema ni nguzo za kujengea, zinaenda Gasorwe.

Nimefungua gazeti. Sikuwa nimelisoma lilipotoka. Kosa langu. Sentensi ya mwisho haipo, ile niliyosema magogo yachomwe papo hapo kwa sababu funza bado wako hai ndani.

Jumanne, 4 Machi.
Mhariri: "Makala ilikuwa iko mrefu, kolega. Na mti ukishakatwa, si umekufa?" Akacheka. Sikupaza sauti. Nilitaka kumtupia kiti. Ameahidi masahihisho Ijumaa.

Ijumaa, 7 Machi.
Hakuna masahihisho. Kuna tangazo la harusi.

Jumatano, 18 Juni. Gasorwe.
Nimefuata zile nguzo. Mama Rebeka, mkulima aliyekulia Tanzania, alizitumia kujengea zizi la mbuzi. Zizi linagusa migrevilea minane aliyoipanda siku jirani yake Filberi alipokubali mpaka wa shamba. Karatasi hawana. Wana miti hiyo tu. Yote ina matundu, na unga wa mbao umejaa chini.

Rebeka akaniambia: "Mwandishi, gazeti lenu tulilisoma. Mlisema miti ikatwe. Nikajua iliyokatwa haina neno. Mbona hamkusema ichomwe?"

Nikamweleza.

"Basi huyo aliyelifuta neno aje aukalie mpaka wangu."

Alhamisi, 19 Juni.
Agronomu, mtaalamu wa kilimo, ameikagua miti. Ikatwe yote, visiki ving'olewe, kila kitu kichomwe, la sivyo kilima kizima kitaambukizwa. Rebeka amekataa. Si mjinga. Anajua mpaka ukifutika atarudi kubishana upya na Filberi. Nina hasira na mhariri, na gazeti, na mimi mwenyewe niliyenyamaza tangu Machi.

Jumamosi, 21 Juni.
Rebeka amekubali; hataki kilima kizima kiambukizwe kwa sababu yake. Miti imekatwa, zizi limebomolewa, vyote vimechomwa. Filberi alisaidia kubeba matawi asubuhi nzima. Moto ulipopungua akauliza, anatabasamu: "Sasa mama, mpaka iko wapi?"

Rebeka hakucheka. Alichukua jembe, akaanza kuchimba mtaro kutoka shimo la kisiki cha kwanza kwenda la pili. Filberi alisimama akitazama. Nikavua koti, nikashika sururu.

Hadi jioni tulikuwa tumefika shimo la tano.