Nimehamia Plastiki, Verlyn

Shamba la Sorlie,
Njia ya Cedar Coulee,
Montana.

30 Aprili.

Mpendwa mdogo wangu Verlyn,

Salamu nyingi kutoka huku ambako theluji imeondoka na kutuachia matope yake. Kifua chako kinasemaje? Je, hewa kavu ya Arizona inakusaidia kama daktari alivyoahidi, au bado unakohoa kila ukicheka? Kama bado, isome barua hii ukiwa umekaa, maana nimekusudia kukuchekesha. Mimi ni mzima. Bega nililovunja Desemba, pale nilipoteleza kwenye barafu na mzigo wa nyasi, limeunga, ingawa haliinuki kama zamani na linatabiri mvua kuliko redio.

Mvua yenyewe imekuja kwa wakati. Majani yanachomoza mabondeni, na kondoo wana matumbo mapana, mlangoni wanapita kwa kusukumana. Baada ya wiki mbili hivi wataanza kuzaa. Jumamosi tulimaliza kuwanyoa, na hilo ndilo ninalotaka kukusimulia, ila kwanza nikueleze Dalton alivyonibana.

Mpwa wako ana moyo mzuri na kichwa kigumu. Tangu nianguke alishaamua kwamba mwaka huu sitalala kwenye kigari cha malishoni wakati kondoo wanazaa. Akanitafutia nyumba mjini, karibu na zahanati, kisha akaja na maboksi matupu akayapanga jikoni kwangu.

"Mama, siyo ubishi," aliniambia. "Wale mbwa mwitu koyote wakija alfajiri na bega likakukatalia, uko peke yako kule, utafanyaje? Utawasomea zaburi?"

"Wapo wanaozihitaji," nilimjibu, nikimtazama yeye.

Lakini alikuwa na haki ya kuuliza. Siku hizi siwezi kuvuta komeo la bunduki yangu ya kila siku. Mkono unafika katikati unagoma. Na mchunga kondoo asiyeweza kumzuia koyote ni mtazamaji tu. Niliogopa, Verlyn. Tangu Harlan wangu afariki, mwezi wa kondoo kuzaa ndio unaonifanya nijione mtu. Nikinyimwa huo, sijui nitakuwa naamka asubuhi kufanya nini. Basi tukapatana: nikiipiga kwa risasi ile sahani ya shabaha ya baba yetu siku ya kumaliza kunyoa, maboksi yanarudi yalikotoka, nikikosa, nahamia mjini bila kununa. Shawna, mkewe, akawa shahidi.

Ikabidi nitafute bunduki inayojipakia yenyewe, isiyotaka komeo livutwe kila risasi. Shambani tunazo tatu, na mwezi Machi nilizijaribu zote, nimekaa mezani na mfuko wa mchanga chini ya mtutu, nikilenga karatasi. Ile ya Dalton, kubwa yenye darubini ndefu, ina shabaha ya ajabu. Risasi zake zote ningezifunika kwa kifuniko cha chupa ya jemu. Lakini ni nzito kama ndama, na teke lake moja lilinirudisha kitandani na barafu begani. Mezani ni malkia. Kwa mtu anayepanda na kushuka garini kutwa nzima, ni adhabu.

Ya pili ni ya baba, ya mti wa jozi. Huna haja ya kuelezwa. Risasi zake hutawanyika upana wa kisosi, na hiyo inatosha kwa koyote. Haikwami hata ikiingia matope, na hadi leo ukiinusa unamsikia baba na tumbaku yake. Kasoro ni kitako. Baba alikichonga kwa kipimo cha mkono wake mrefu, na bega langu la sasa linalazimika kukifuata.

Ya tatu ni ya Shawna. Ndiyo, ile nyeusi. Ile uliyoiita bomba la choo lenye mpini, tukacheka mpaka ukashindwa kupumua. Ni nyepesi, teke lake ni kama la paka, na kitako chake kinasukumwa ndani au nje, tundu baada ya tundu, kila mtu na urefu wake. Shabaha yake iko katikati ya zile mbili. Nilipoiona karatasi niliikunja haraka nikaitia mfukoni. Nikamwambia Shawna, "Si mbaya, kwa plastiki." Akacheka tu. Moyoni nilikuwa nimeshachagua ya baba. Damu nzito kuliko maji.

Jumamosi ikafika. Wanyoaji walikula maharage na nyama, wakala pai za tufaha, wakala mikate ya viazi niliyopika kwa maelekezo ya mama ikatoka minene kama nyayo za viatu, na hakuna aliyethubutu kusema. Kisha sahani ya bati ikatundikwa kwenye nguzo ng'ambo ya korongo, kilima nyuma yake, pale pale alipokuwa akiitundika baba. Sheria ni ile ile: kila bunduki risasi moja, mtutu ukiwa baridi, kwa sababu koyote hakupi risasi ya majaribio.

Dalton alipiga, akapata. Jirani yetu Gus Petrak alipiga, akakosa, akalilaumu jua, ambalo lilikuwa mgongoni kwake. Ikawa zamu yangu. Nikaketi chini na bunduki ya baba, viwiko magotini, nikatoa pumzi polepole, nikafyatua. Kibanzi kiliruka kwenye nguzo, kiganja kimoja juu ya sahani. Sahani haikutikisika.

Gus alinisaidia kuchomoa kisanduku cha risasi, kisha akainusa ile bunduki kama mbwa wa polisi.

"We Ardith! Umeipaka mafuta?"

"Kidogo."

"Kidogo! Inanukia kama bibi harusi! Baba yako angekuwepo angekuchapa na kofia!"

Majuto ni mjukuu, Verlyn. Ijumaa jioni niliisafisha, kwa heshima ya baba. Nilipitisha kitambaa cha mafuta mtutuni mpaka ukang'aa, nikajiona binti mwema. Mimi! Niliyelelewa nyumba moja nawe, ambako tulijua kabla ya kujua sala zetu kwamba mtutu hausafishwi kuelekea siku ya kunyoa, maana risasi ya kwanza kupita kwenye mafuta huenda inakotaka yenyewe.

Nilimtazama Dalton. Hakucheka. Afadhali angecheka. Alikuwa anatazama viatu vyake, nikajua anafikiria maboksi, na kwamba hayafurahii hata yeye.

Ndipo Shawna akaja na ile nyeusi, kitako kimeshasukumwa ndani.

"Mama, sheria ni risasi moja kwa kila bunduki, siyo kwa kila mtu. Na hii haijalia leo."

"Shawna, hivi wewe uko upande wa nani?" Dalton akauliza.

"Wa kondoo."

"Ana haki huyo," Gus akadakia. "Mzee mwenyewe aliwahi kupiga kwa bunduki mbili. Nilikuwepo, na ya pili alikosa vilevile!"

Nilitaka kukataa. Nilikuona wewe kabisa, umeegemea uzio, unanitazama nimeshika bomba la choo mbele ya watu. Halafu nikamkumbuka mwanakondoo wa alfajiri, bado amelowa, anasimama kwa mara ya kwanza na miguu haimsikii. Nikaipokea. Kitako kilikaa begani bila bega kuulizwa lolote. Nikalenga, nikafyatua.

Sahani ililia, Verlyn! Ililia ikazunguka kwenye waya wake, watu wakapiga yowe mpaka mbwa wakakimbilia chini ya gari. Gus aliitupa kofia yake juu, ikaangukia matopeni, akamlaumu Dalton kwamba imechafuka. Mimi nililia, wala sioni haya kukuambia. Dalton alinikumbatia upande wa bega zima.

"Haya, Mama, umeshinda. Ila simu ya upepo utaibeba."

"Nitaibeba," nikasema. Ushindi humpa mtu adabu.

Jumapili asubuhi nilikuta maboksi hayapo jikoni. Dalton alikuwa ameyajaza blanketi zangu, kahawa na sufuria, akayapeleka kwenye kigari cha malishoni. Na ukutani, kwenye vigingi, chini ya bunduki ya baba, ilikuwepo ile nyeusi. Nikampigia Shawna simu kumwambia ameisahau.

"Sijaisahau, Mama. Nimejaribu kukivuta kitako kirudi kwenye urefu wangu, kimekwama."

Uongo mtupu. Nimekivuta mwenyewe, kinateleza kama kisu kwenye siagi. Nikakirudisha taratibu kwenye tundu langu, nikakaa jikoni na furaha yangu peke yangu.

Sasa ya baba haina kazi. Nimeshaipiga risasi chache kuyatoa mafuta, na inangoja mtu mwenye mkono mrefu kama wa baba, tena mkaidi wa kupenda mbao. Daktari akikuruhusu, njoo kondoo wakianza kuzaa. Kigari kina vitanda viwili. Utanicheka usiku kucha, na alfajiri tutaona nani yuko macho.

Msalimie sana wifi yangu Noreen, na umwambie mbegu za pilipili alizonitumia zimeota dirishani. Dalton na Shawna wanakusalimu. Gus anakusalimu pia, na anasema jua la huko Arizona lisije likakuharibia shabaha kama la huku lilivyomfanyia yeye. Mungu akupe pumzi ndefu na njia isiyo na barafu mpaka mlangoni kwangu.

Mimi dada yako nikupendaye, kwa mbao na kwa plastiki,

Ardith