Bakuli la Babu na Bakuli la Tambi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na hili sijamwambia mtu hata mmoja: siwezi kutofautisha bakuli la kale na la shangazi yangu.

Nina miaka kumi na sita, naishi hapa hapa Longquan, mji wa wafinyanzi huku China, nyumbani wananiita Profesa kwa kuwa nimesoma kila kitabu cha kauri ya kijani kilichomo maktaba ya shule, na babu ana bakuli la enzi ya Song, la zaidi ya miaka mia saba, ambalo Jumapili hii watu wa makumbusho wanakuja kulichukua likaonyeshwe, sasa wiki iliyopita nililibeba kwa siri nikawaonyeshe wenzangu darasani, na babu asigundue nikaweka kabatini bakuli la shangazi Caifeng, mfinyanzi anayeishi uani kwetu, aliyeliiga hilo hilo na hulitumia kula tambi kila mchana, nikarudi salama, nikayaweka yote mawili mezani niyalinganishe, mama akaniita kula, kurudi nakuta amefuta vumbi na kuyasogeza, nikayageuza, nikayagonga kwa kucha, nikafungua vitabu vitatu, wapi, mwishowe nikakisia, moja kabatini, moja kwa shangazi, na tangu hapo nikimsikia anavuta tambi najiuliza analia bakuli la enzi gani. Nikisema, babu hataniamini tena. Nisiposema, huenda akaaibika mbele ya mji mzima.

Profesa wa Uongo

Wewe Profesa,

Pole, lakini ulilitoa bila ruhusa, na hilo usilifunike kwa vitabu. Kutojua si kosa. Kukisia na kunyamaza ndiko kosa. Aliyelifinyanga la pili yuko hapo uani, unaniandikia mimi wa nini? Nenda leo, kabla hajatia mchuzi. Kisha mwambie babu mwenyewe, usimtume mtu. Watakucheka. Vumilia.

Mama Qiu

Mama Qiu, nilikwenda. Shangazi alikuwa ameshatia mchuzi. Nikasema yote kwa pumzi moja. Akala haraka, akaligeuza bakuli, akapitisha kidole gumba kitakoni.

"Hili langu. Hapa kisu kiliteleza, nikaona uvivu kurekebisha. Na wewe ulidhani la kale ni lipi?"

Nikanyoosha kidole kwenye hilo hilo, maana tangu nikisie hofu ilikuwa imenishawishi kwamba nimeyabadili.

"Baba!" akapaza sauti uani. "Njoo usikie! Mjukuu wako kanipeleka enzi ya Song!"

Babu akaja. Nilimweleza nimesimama, mikono nyuma. Akasema, "Siku nyingine omba. Tungekwenda wote shuleni."

Jumapili nililibeba mwenyewe hadi kwenye gari. Bwana wa makumbusho akaniuliza kama nina uhakika ndilo lenyewe. Nikamwita shangazi.