Punje Zinazofanana Mno

Jumapili jioni. Upepo umevuma mchana kutwa na vumbi limeingia mpaka kwenye droo ya vijiko. Nimerudi kutoka Subukia sasa hivi, hata viatu sijavua.

Niandike kabla sijaanza kujipendelea.

Mimi ni mtu wa shaka. Nauza mbegu na dawa za mifugo hapa Nakuru, na kazi hiyo imenizoesha kugeuza kila pakiti nione mshono wa nyuma. Nimewahi kuletewa mahindi ya kawaida yaliyopakwa rangi yakaitwa mbegu. Halafu mwanamume niliyekuwa naye kabla ya Mwangi alikuwa na shamba la viazi kule Kuresoi, akanitembeza mpaka kwenye mipaka yake. Lilikuwa la mwajiri wake.

Kwa hiyo Mwangi aliponiletea mfuko wa kwanza wa kahawa, akasema imetoka shambani kwao Subukia na mama yake ameikaanga mwenyewe kwa sufuria, juu ya moto wa kuni, nilishukuru tu, sikuamini.

Nilikuwa mtu wa chai. Punje nzima sikujua hata nizifanye nini. Mara ya kwanza nilizitia kwenye blenda zikawa laini kama unga wa wimbi, nikazichemsha kama majani ya chai, nikapata kitu kichungu kama dawa ya malaria. Baadaye nikanunua mashine ndogo ya kuzungusha kwa mkono na jagi la kioo lenye kichujio cha kusukuma chini. Polepole nikaelewa. Chenga ziwe kubwa kama chumvi ya mawe. Maji yakishachemka yaachwe yatulie kidogo ndipo yamwagwe, halafu usubiri wimbo mmoja wa redio uishe kabla ya kusukuma. Na usage ya kikombe cha asubuhi hiyo tu, maana iliyosagwa jana imeshapoteza harufu. Kikombe cha kwanza kilichokubali nilikinywa nimesimama jikoni, bila sukari, na sikuamini ni mimi nimekipika.

Ubaya wa kusaga kwa mkono ni kwamba unaziona punje.

Zilikuwa za rangi moja. Hakuna iliyoungua, hakuna iliyobaki mbichi, hakuna iliyovunjika. Mimi nikikaanga njugu kwa sufuria, na jicho langu lilivyo kali, nusu huwa nyeusi. Nikanunua pakiti ya dukani, ile ya mashine, nikazipanga pamoja kwenye sahani. Nilishindwa kuzitenganisha.

Basi, nikajiambia, ananunua hapa mjini na kubadilisha mfuko.

Ningeweza kucheka. Lakini Mwangi anataka watu wake waende kwetu Kitale baada ya Pasaka, kujitambulisha, na jibu sijampa. Anayedanganya kwa kitu kidogo kama kahawa, kikubwa atanificha nini? Nimelala na swali hilo wiki nyingi. Na ninampenda, ndiyo maana liliniuma.

Leo alinipeleka kumwona mama yake kwa mara ya kwanza. Nilitia mashine yangu ya kusaga kwenye mkoba, nikaifunika na leso.

Mama ni mwembamba, mpole wa sauti, na macho yake hayaachi kitu. Baada ya chakula alimtuma Mwangi akamkatie ng'ombe nyasi. Tukabaki wawili jikoni. Nikaomba nimtengenezee kahawa, nikijua ninachokifanya. Akaonyesha mkebe juu ya rafu.

Nilifungua. Ndani kulikuwa na punje nyeusi kama makaa, nyingine zimepasuka, nyingine nusu tu. Hazikuwa na undugu wowote na zangu.  Nilitaka sana kuwa nimekosea.

Nikamwambia waziwazi, "Mama, hii si ile kahawa Mwangi huniletea."

"Si hiyo," akasema. "Hiyo ni yangu. Yako ni ile ingine."

Akanitolea uteo kutoka nyuma ya mlango. Juu yake kulikuwa na kahawa iliyokaangwa jana, imegawanywa mafungu mawili: upande mmoja punje zangu, zote rangi moja, upande wa pili zilizoungua. Alikuwa hajamaliza. Akaketi, akaendelea kuchambua huku akinieleza. Miaka yote ya kupeleka kahawa kiwandani ikiwa bado matunda, wamekuwa wakiimwaga juu ya gunia mbele ya karani na kutoa mbichi na mbovu kwa mkono, la sivyo wanarudishwa nayo nyumbani. Vidole vilishazoea. Hangeweza kumpelekea mtu kahawa ambayo haijachambuliwa.

"Na hizi mbaya?"

"Mimi nakunywa tu. Hazina shida."

 Nilijisikia vibaya sana, na sikuwa na pa kuangalia ila kwenye uteo.

Halafu naye akaniuliza lake. Kumbe kila Mwangi akirudi nyumbani, mama yake alikuwa akimhoji kama kweli ninainywa. Watu wa mjini, alisema, wanapenda kupokea. Utaikuta imejaa kabatini, ama wamewapa majirani.

"Wewe unakunywa kweli, Nekesa? Ama unamfurahisha tu kijana yangu?"

Nilitoa mashine kwenye mkoba. Kishikio kimechakaa, na mle ndani kuna harufu ya kahawa ambayo haitoki hata kwa brashi. Aliinusa, akaridhika. Kisha akauangalia mkoba, akaniangalia mimi, nikaona ameelewa kwa nini mtu anaenda kutembea na mashine ya kusaga chini ya leso.

"Ulikuja kunipima," akasema.

Sikukataa.

"Ni sawa. Hata mimi ningekuja nayo."

Tulicheka mpaka Mwangi akachungulia na nyasi mkononi, na hakuna aliyemwambia lolote. Nilisaga za kwenye mkebe, chenga kubwa kuliko kawaida kupunguza uchungu, nikazichujia kwenye kichujio cha chai. Zilikuwa chungu hata hivyo. Nilimaliza kikombe changu. Mama alionja chake, akasema leo imekuwa laini, nami nadhani alinionea huruma.

Tukifika Lanet nilimwambia Mwangi watu wake waje. Hadi Nakuru alikuwa akipangusa macho na kusema ni vumbi.

Kesho nitafungua mfuko mpya alionipa Mama. Nilipokuwa nikiaga nilimwomba Mama kuanzia sasa asichambue tena, anitumie zikiwa zimechanganyika, nzuri na zilizoungua, tugawane sawa. Alikubali papo hapo, bila kubisha hata kidogo.

Simwamini.