Aabo, Gari la Bute Limefika

Aabo,

Ni mimi, binti yako Hodan. Mama, Hooyo wetu, amevaa nguo nyeupe za eda. Wageni wa pole walipokwisha, nilifungua gereji. Bado sijalia. Watu wanasema nina moyo mgumu. Mimi sihisi kitu, basi.

Juzi alikuja Yusuf, yule wa Bute mwenye gari la turbo. Aliuliza, “Mzee yuko?” Nikamwambia tumekuzika. Akasema inna lillahi, halafu akasema, “Na sasa nani atanitengenezea? Mama yangu ametoka kufanyiwa upasuaji wa macho. Nataka kumrudisha nyumbani.”

Sensa ya oksijeni ilikuwa imekufa, na mpya haikupatikana mjini. Bila hiyo, kompyuta ya gari haijui petroli inaungua vipi. Turbo inasukuma hewa nyingi ndani ya injini. Petroli ikipungua, pistoni zinayeyuka. Na njia ya Bute unaijua, ukikwama huko umekwama.

Nikamwambia nitajaribu.

Ulikuwa ukisema, “Anza na petroli nyingi, Hodan. Petroli iliyopotea utainunua tena. Pistoni iliyoyeyuka hairudi.” Nikaanza hivyo. Nilitoka naye barabara ya Modogashe, nikakanyaga hadi turbo ikavuta, nikazima injini papo hapo ili plagi zisibadilike rangi, gari likajiendea hadi likasimama. Nikafungua plagi. Nyeusi, masizi matupu. Nikapunguza petroli kidogo kwa laptopu niliyoiunga na kompyuta ya gari, tukarudia. Tena. Mara nikasikia injini inagonga, kama kokoto ndani ya kopo. Nikaachia mguu. Plagi zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe, dalili kwamba petroli imepungua mno. Hata hapo, Aabo, sikuhisi kitu.

Nikarudisha petroli hadi plagi zikatoka na rangi ya chai ya maziwa. Nikaongeza tena kidogo, kwa ajili ya joto na kwa ajili ya yule mama. Nikamwambia Yusuf aende polepole, asiichokoze turbo.

Jana alipiga simu. “Wallahi tumefika. Mama anakula.”

Nikasema alhamdulillahi. Halafu nikageuka nikasema kwa sauti, “Aabo, wamefika.” Fundi wa kuchomelea hapo jirani akanitazama, akashusha miwani yake, akaendelea na kazi.

Lala salama, Aabo. Allah akupanulie kaburi. Gereji sitaifunga. Na Ijumaa nitakuja kaburini kwako. Machozi yakija, yaje. Yasipokuja, nitakaa nawe hivyo hivyo.

Hodan