Mume Wangu Anataka Kushukuru kwa Ruhusa Ambayo Haikutolewa

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, lakini niruhusu nianze na shukrani, maana nina mengi ya kushukuru na jambo moja tu la kuungama, na nikianza na la kuungama nitalia na barua haitaisha. Namshukuru Mungu kwamba mume wangu anatembea. Mwaka jana alipatwa na kiharusi, upande wa kulia wote ukalala, mkono, mguu na nusu ya mdomo, na alipotoka hospitali mtaalamu wa mazoezi alituambia mguu utarudi kama atautembeza kila siku, lakini mtu mwenyewe alikaa kwenye kiti cha sebuleni akatazama ukuta miezi minne mizima, hataki kunyolewa, hataki wageni, nikimwambia twende japo mpaka getini ananijibu, "Nikafanye nini huko?"

Jibu alilileta mpwa wangu, binti wa kaka yangu, ambaye kazi yake ni kupima viwanja. Alikuja kutujulia hali akamwonyesha mume wangu mchezo wa kwenye simu ambao sisi hatukuwahi kuusikia, kwamba watu wanaficha kopo au kiboksi mahali, wanaandika kwenye mtandao namba za ramani za mahali hapo, halafu watu wengine wanazifuata namba hizo kwa miguu yao mpaka walipate, ndani wanakuta kidaftari, wanaandika jina na tarehe, wanalirudisha lilipokuwa, basi, hakuna zawadi wala nini. Mume wangu akasema huo ni mchezo wa watu wasio na kazi. Mpwa wangu akamwambia, "Na wewe una kazi gani?" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, kumbe mwenzangu alicheka, kicheko cha kwanza tangu augue, cha upande mmoja, na kesho yake tukatoka kwenda kutafuta kopo lililofichwa kwenye uzio wa uwanja wa mpira, hatua mia mbili tu kutoka kwetu, tukatumia saa nzima kwenda na kurudi na alirudi amelowa jasho na ana njaa.

Mshauri, tangu siku ile nina deni la ahsante kwa watu nisiowajua, watu waliokaa kwao wakaficha vikopo bila kujua kwamba kuna mgonjwa atavifuata. Tulipofika kopo la kumi na moja alikuwa ameacha kuniegemea, anatumia fimbo, na anaandika jina lake mwenyewe kwa mkono wa kulia, herufi zimelala huku na huku lakini zinasomeka.

Sasa hapa ndipo penye mambo. Alianza kusema na yeye anataka kuficha kopo lake, na hakutaka mahali pengine popote isipokuwa ukuta wa duka la rangi alikofanya kazi miaka kumi na tisa akiwa mchanganyaji. Ukuta wenyewe uko nje, ubavuni mwa duka, ndipo wanapopaka sampuli ili mteja aione rangi kwenye jua, na kwa hiyo una viraka vya kila rangi, vingine alivipaka yeye. Wazo lake lilikuwa kuchukua kopo dogo la rangi, kulipaka viraka vilevile, na kulitundika kwenye msumari pale pale, mtu apite mara kumi asilione. Alilipaka siku tatu kwa mkono ule mbovu, ulimi umetoka nje kidogo kama mtoto wa shule, na mimi nilikaa jikoni namchungulia nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu tuoane.

Lakini pale dukani aliondoka kwa ubaya, miaka sita iliyopita. Rangi ya jengo zima la mteja ilitoka siyo, mwenye duka akamfokea mbele ya watu, mume wangu akavua aproni akaiweka kaunta akaondoka bila kuaga, na mpaka leo kila mmoja anasema namba ya rangi alikosea mwenzake. Walikuwa kama ndugu, na tangu siku hiyo hawajapeana hata salamu.

Na mchezo huu una sheria. Ukitaka kuweka kopo kwenye eneo la mtu, na hasa eneo la biashara, ni lazima uombe ruhusa kwa mwenyewe, na kwenye fomu kuna mahali pa kuandika ni nani aliyekuruhusu, na wasimamizi hawalipitishi bila hilo. Mume wangu akaniambia, "Nenda wewe. Akikataa basi, na haya mambo ya makopo tuyaache."

Nikaenda. Mwenye duka amesafiri kufuata mzigo. Kaunta kuna binti, ana wateja watatu mbele yake, nikamweleza habari za kopo na ramani na kidaftari, akasikia nusu akaniambia hamna shida mama, tundika tu. Nikarudi nyumbani najiambia hii ni nusu ruhusa, mwenyewe akirudi nitakuja kuichukua ile nusu nyingine. Nikafungua mlango, nikamkuta mume wangu amenyoa ndevu. Mwenyewe, kwa mkono wake, amejikata mahali pawili. Amekaa ameelekea mlangoni ananisubiri. Akaniuliza, "Amesemaje?" nami nikasikia mdomo wangu unasema, "Amekubali, na amekusalimia sana."

La kukubali ningeweza kulitetea kidogo, lakini zile salamu sijui zilitoka wapi. Akaniuliza kama amemtaja kwa jina, nikasema ndiyo, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono.

Basi mpwa wangu akajaza fomu kwa maneno yangu, kwamba mwenye duka amekubali kwa moyo mkunjufu, na kopo likatundikwa. Leo ni wiki ya tisa. Watu zaidi ya ishirini wameshalipata, na wanayoandika kwenye mtandao mume wangu anayasoma kwa sauti kila asubuhi, ulimi unafunguka. Tatizo ni kwamba kila nikienda sokoni ananipa salamu nimpelekee mwenye duka, na mimi nikirudi naleta za kwake. Mwenye duka anauliza mguu unaendeleaje. Mwenye duka anasema usiache mazoezi. Nimemtungia mtu wa watu maneno mpaka nimeizoea sauti yake, na mwenyewe amesharudi safari zamani, nikimwona mlangoni navuka upande wa pili wa barabara.

Wiki hii yule binti wa kaunta, tulipokutana sokoni, amenidokeza kwamba bosi wake ameuliza hawa wanaoinama ukutani kwake na simu ni akina nani, na yeye kwa woga amesema hajui. Na juzi mume wangu amenitangazia kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi anakwenda mwenyewe kumshukuru. Anafanya mazoezi mbele ya kioo kwa sababu kuna maneno yanamteleza. Nimemsikia anasema, "Ahsante kwa ruhusa, na ahsante zaidi kwa salamu." Nimemwomba angoje kidogo, akasema miaka sita inatosha kungoja.

Nikisema kweli naogopa atarudi kwenye kile kiti. Nikinyamaza atasimama mbele ya watu amshukuru mtu kwa jambo asilolijua, aaibishwe kwenye kaunta ile ile mara ya pili, na safari hii nitakuwa nimemwaibisha mimi. Nifanyeje, mshauri?

Mimi, Mke wa Fundi Rangi

MSHAURI ANAJIBU

Mke wa Fundi Rangi, pole, na hongera. Pole ya kuuguza naitoa kwa moyo wote, na hongera ni yako kabla ya kuwa ya mume wako, maana mtu haendi hatua mia mbili kwa saa nzima bila wa kwenda naye. Barua yako niliianza nimesimama, nikamaliza nimekaa. Ahsante kwa kuiandika.

Sasa nikuseme. Binti wa kaunta hana ukuta wa kugawa, na ulijua, ndiyo maana ulipanga kurudi. Hukurudi. Ukamfanya mpwa wako aandike uongo kwenye fomu, na watu zaidi ya ishirini wamekwenda kupapasa ukuta wa duka la watu wakijua wamekaribishwa. Siku mlinzi akimkamata mmoja wao akidhani ni mwizi anayepeleleza, utakuwa upande wa pili wa barabara? Na huyo binti uliyemponza kwa bosi wake, naye ana kazi ya kupoteza.

Kuhusu salamu nitakuwa mkali zaidi. Lile la kwanza, pale mlangoni, ulipitiwa. Ulimkuta mtu amenyoa ndevu, na sijui mimi mwenyewe ningesema nini. Lakini mtu hapitiwi wiki tisa, mwanamke mwenzangu, hizo ulikaa ukatunga. Umemfanya mwenye duka kuwa mtu mwema bila kumpa nafasi ya kuwa mwema mwenyewe. Huenda angekubali. Huenda angemsalimia kweli. Hatujui, kwa sababu mpaka leo hakuna aliyemuuliza.

Kwa hiyo kamuulize. Kesho, si wiki ijayo. Mpwa wako alisimamishe kopo kwenye mtandao ili mtu yeyote asije, wewe nenda ulitoe msumarini uingie nalo dukani mkononi. Mwambie binti unamtaka bosi wake. Msalimie, na kwa mara ya kwanza salamu hiyo iwe yako. Mweleze kwa ufupi kwamba kopo hili limekaa ukutani kwake wiki tisa, aliyelipaka ni mume wako, aliyelitundika bila kumwambia mwenyewe ni wewe, na binti wa kaunta hana kosa. Usitangulize ugonjwa. Ukianza na kiharusi hutakuwa umeomba, utakuwa umemfunga mikono, na ruhusa ya namna hiyo haina tofauti na hii uliyojiandikia. Akiuliza habari za mume wako mjibu, asipouliza nyamaza.

Kisha omba kama watu wanavyoomba. Watu waje saa za kazi tu, wasiguse bidhaa, mlinzi ajulishwe, namba yako ya simu iwe ndani ya kidaftari, na siku mwenye duka akichoka unalitoa bila mjadala. Akikubali, mwombe akuandikie mstari mmoja kwa mkono wake, mpwa wako arekebishe ile fomu. Akikataa sema ahsante uondoke, ukuta ni wake. Na usithubutu kumwomba amtumie mume wako salamu. Hilo litoe kichwani kabisa.

Ukitoka hapo, nyumbani moja kwa moja. Mwambie mume wako siku hiyo hiyo, kabla hajasikia kwa mwingine, na umwambie yote. Unaogopa kile kiti, nakuelewa. Lakini soma tena ulichoniandikia: makopo kumi na moja aliyafuata kabla ya salamu yoyote. Miguu yake haitembezwi na mwenye duka. Atakasirika, pengine siku kadhaa hatakusemesha, na ana haki hiyo, wewe mwache akasirike na usimbembeleze kila dakika. Akisema Jumamosi anakwenda vilevile, usimzuie, na usitangulie kumwandalia njia. Atakwenda kuomba, au kusalimia, au kuimalizia ile habari ya namba ya rangi. Ni mtu mzima, na ulimi ameshaupata.

Atakuuliza swali moja, na hapo ndipo nataka uwe tayari. Atakuuliza zile salamu zote zilikuwa za nani. Usianze kulia, jibu kwanza. Mwambie kwamba kila siku aliposikia kuna mtu anauliza mguu wake unaendeleaje, mtu huyo alikuwepo kweli, na alikuwa amesimama mbele yake na kikapu cha sokoni mkononi.