Simu Imejaa, na Sauti ya Mama Imo Ndani

Mpendwa Mama Julia, shikamoo. Mimi ni mkulima wa Mkunya, Newala, naomba unisaidie kabla sijakosana na mjomba wangu, maana simu yangu imejaa pomoni, kila nikiishika inaniambia nifute vitu, na vitu vikubwa inavyonionyesha ni sauti za marehemu mama yangu, Bi Stamili, nilizomrekodi tukimenya ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, anacheka, anamsuta mdogo wake Nurdin jinsi alivyokimbia nyuki akaacha suruali mtini, na sauti hizo mimi sifuti ng'o. Huyo Nurdin ndiye mjomba mwenyewe, yeye ana kitochi tu, kisimu cha vibonyezo, basi kila jioni akitoka kwenye mikorosho anapita kwangu, "Mpwa wangu, niazime simu kidogo," leo anaingiza programu ya bao, kesho ya adhana, keshokutwa ya tochi wakati simu ina tochi yake, nikiguna anasema, "Kaprogramu kenyewe kadogo, hakali nafasi," halafu anakaa nayo nyuma ya jiko mpaka chaji inakata, bao lenyewe hachezi, anafungulia sauti za mama tu. Nami kwa kuhangaika nikaingiza programu mbili za kusafisha simu, ndizo zikamaliza kabisa nafasi iliyobaki. Kwetu mjomba ndiye mkubwa wa ukoo, kumnyima kitu ni kujitafutia laana, na mume wangu ananicheka tu. Nifute sauti, au nimnyime simu?
Mama Upendo, Mkunya

Marahaba, Mama Upendo. Usifute sauti hata moja.

Ila nawe umejiponza. Nyumba imejaa wageni, unaita wengine wawili waje kukusaidia kupunguza watu! Soko huria siku hizi limeingia hadi ndani ya simu: kila mwenye programu ananadi bure, bure, na wewe unalipa kwa nafasi. Zitoe leo hizo mbili, na hiyo tochi. Kisha fungua mipangilio ya duka la programu, uzime kujisasisha, maana programu huingia nyembamba ikanenepa kila ukijiunga bando. Zima pia WhatsApp isipakue picha na video yenyewe. Harusi za watu usiowajua zinakula nafasi kuliko bao la mjomba. Kuanzia hapo, ikiingia moja, moja itoke.

Sasa tuje kwa mjomba. Jibu umeliandika mwenyewe hukuliona. Mtu anaomba bao halafu hachezi, anakwenda nyuma ya jiko kumsikiliza dada yake. Msibani yeye ndiye aliyewaambia nyamazeni, sivyo? Mkubwa wa ukoo atamwambiaje mpwa wake, "Nifungulie sauti ya dada nilie"? Hizo programu ndizo hodi yake, mama. Nimekusikitikia, lakini yeye nimemsikitikia zaidi.

Nunua memori kadi mbili. Nenda kwa fundi simu pale Newala mjini, akunakilie sauti zote kwenye kadi zote mbili, na azigeuze ziweze kusikika kwenye kitochi. Moja itunze sandukuni. Nyingine mpe mjomba, bila hotuba, bila kumtazama sana usoni.

Na akipita tena jioni, usigune. Mtengee ming'oko, na kwa ile nafasi uliyoiokoa umrekodi yeye. Kuhusu wale nyuki, tumesikia upande mmoja tu.