Shangazi, Nimeiona Ngoma Yako Gitega

Mpendwa Shangazi,

Najua barua hii hutaisoma peke yako. Macho yako yalishagoma siku nyingi, na kila barua inayokufikia huko Mishamo husomwa na jirani yako kibarazani, kwa sauti, nusu ya kijiji ikisikiliza na kutoa maoni. Basi safari hii nimeamua kuwaandikia nyote. Wewe unayesoma, kunywa maji kwanza, soma polepole, na pale nitakapomtania shangazi yangu usiruke mstari.

Shangazi, nimekwenda Gitega. Nimeingia kwenye makumbusho ya taifa, nimeiona ngoma, nimekiona na chombo cha maziwa. Nimerudi nyumbani Muyinga nina la kukuambia, na kwa kweli nilikaa nalo kwanza, nikijiuliza kama nikuambie au ninyamaze.

Unakumbuka majivu? Sisi tuliozaliwa huko Mishamo, ukimbizini Tanzania, tuliijua Burundi kwa kusimuliwa tu, na msimulizi ulikuwa wewe. Ukishamaliza kuchagua maharage, ulitandaza majivu ya jikoni mbele ya mlango, ukashika kijiti na kuanza kuchora. "Hapa ndipo Gishubi. Hapa ni kwa baba yangu. Njia hii inakwenda Gitega." Kuku akipita juu ya Gishubi ulimfukuza kwa hasira kama aliyeingia shambani. Kisha ulitueleza ile sikukuu, ulipokuwa na miaka sita, Babu alipokushika mkono mkaenda Gitega kuona ngoma zikipigwa. Ulisema ngoma ilikuwa kubwa mno, ukiwa umesimama mbele yake humwoni mpigaji, unasikia mlio tu unakuingia tumboni. Na nyumba mliyofikia siku ile mlipewa maziwa katika icansi, chombo cha mti cha maziwa. Hapo ndipo ulipokuwa ukiinuka, unafungua mikono yako miwili na kukumbatia hewa. "Hivi! Kilikuwa kinajaa mikononi hivi!"

Kaka yangu alikuwa ananikonyeza: "Shangazi katia chumvi tena." Ulimrushia maganda ya maharage na simulizi ikaendelea.

Halafu ikaja harusi yangu. Mimi na Deo tulitaka mambo mepesi, kanisani, wali, basi. Wewe ukasema mtoto wa kaka yako haolewi kama yatima wa mila. Lazima maharusi wanywe maziwa katika icansi. Wapi tutapata icansi Mishamo? Ukamwita fundi seremala. Akauliza kipimo. Ukasimama katikati ya vumbi la mbao, ukakumbatia hewa. Yule fundi alikutazama, akanitazama na mimi, akasema, "Mama, hiki si ndoo?" Ukamwambia achonge.

Akachonga. Shangazi, chombo kile kilikuwa kinaweza kumwogesha mtoto. Ilibidi tukinyanyue wawili, mimi na Deo, mbele ya watu wote, na wewe pembeni unahimiza, "Nyanyueni juu, msione haya!" Tukanyanyua juu. Maziwa yakatushukia. Gauni langu lilikuwa jeupe, kwa hiyo halikuonyesha kitu mpaka saa nane mchana, lilipoanza kunuka. Suti ya Deo ilikuwa nyeusi, na ilikuwa ya kuazima. Lakini ulilia kwa furaha siku ile, ukasema umeiona Burundi kwa mara ya pili. Nikakupenda na maziwa yangu puani.

Amani iliporudi tukafunga mizigo kurudi Burundi. Wewe ukabaki. Ulisema una shamba, una jirani, una kaburi la mumeo, na yote hayo ni kweli. Lakini nilipokupigia simu nikakuomba uje japo kwa Pasaka, umwone Ineza, mtoto wetu, uliniuliza kwanza kama nina salio la kutosha. Kisha ukasema maneno ambayo sijayasahau: "Mwanangu, nilitoka kule sina kitu isipokuwa yale niliyoyaona. Nikija nikakuta sivyo, nitabaki na nini?"

Nikasema tu nitakwenda kukutazamia kwanza.

Basi tukaondoka Muyinga asubuhi, mimi na Ineza, kupitia Karuzi. Mama Furaha akajiunga nasi. Huyo ni jirani yangu sokoni, Mkongomani wa Uvira, anauza vitenge. Alikuwa na shughuli zake Gitega, ila aliposikia habari ya ngoma yako alisema shughuli zitangoja. "Mi sijapata kuona kitu ya watu wazamani kwenye nyumba moja," alisema. "Na we unaenda kumuonea shangazi. Donc, basi, tuko wawili wa kushuhudia."

Usidhani ni jumba la kutisha. Ni jengo la kiasi, na ndani vitu vya mababu vimepangwa: vikapu vyenye vifuniko vilivyochongoka, vyungu, mikuki, nguo za magome ya mti, picha za wafalme na watu wao. Dada anayepokea wageni alitukaribisha vizuri. "Mutazame na macho," alisema, "mikono muifunge nyuma." Mama Furaha akaifunga mikono yake nyuma kabisa, akatembea hivyo mpaka tulipotoka, kama mkaguzi.

Nilipofika kwenye kabati la vioo nikakiona. Nilikijua mara moja. Umbo lilelile uliloelekeza, shingo ileile, weusi ule wa moshi na siagi, na kifuniko cha kusuka juu yake. Yote kama ulivyosema. Ila, Shangazi, kilikuwa kidogo! Kidogo kama chupa ya chai! Mimi hapo nikaiona harusi yangu yote: fundi na shoka lake, Deo ametoa macho, maziwa yanashuka. Nikacheka. Nikajaribu kujizuia nikashindwa, nikaegemea ukuta, machozi yakanitoka. Yule dada akaja mbio akidhani nimepatwa na jambo. Nikamweleza, kati ya kicheko na kicheko, akacheka na yeye mpaka akakaa kwenye kiti chake.

Mama Furaha aliinama akakitazama chombo upande huu na upande ule. "Ndio hii? Hii kidogo hivi?" Akageuka. "Shangazi yako alikuwa anaongezaka sana."

Kicheko kikanikatika. Maana ngoma nayo nilikuwa nimeshaiona kule mbele, na ilikuwa inanifika kifuani tu. Mpigaji angeonekana vizuri sana, kuanzia kifuani mpaka kichwani. Nikakukumbuka kwenye simu, yale maneno yako. Nikaona sasa nimekutazamia, na nilichokiona ndicho hasa ulichokiogopa. Moyo uliniuma, Shangazi, sikufichi. Nikamwuliza Mama Furaha nifanye nini.

"Usimuambie," alisema bila kufikiri. "Muachie kitu yake. Mi nyumba yetu ya Uvira, kwa kichwa yangu, iko etage, iko na ghorofa. Kama mutu anaenda kuipima, nitamukasirikia."

Nikakubali. Nikaanza hata kuutunga uongo wangu pale pale mbele ya vioo: nitasema makumbusho yalikuwa yamefungwa, nitasema ngoma imepelekwa kwenye sherehe. Wewe mwenyewe ulinifundisha kusimulia, nisingekosa maneno.

Tulipotoka nje nikampigia Deo, nikampa Ineza simu amweleze baba yake alichokiona. Unamjua Deo, lazima aone sura, kwa hiyo ilikuwa simu ya video. Nilimshikia mtoto simu mbele ya uso. Deo akauliza, "Hicho chombo cha shangazi kikoje?" Na Ineza, ambaye hajawahi kukuona kwa macho yake, ambaye tangu azaliwe anakujua kwa sauti tu, akarudi nyuma hatua moja, akafungua mikono yake miwili, akakumbatia hewa.

"Iko hivi, papa! Inajaa!"

Niliitazama ile mikono. Mikono ya mtoto wa miaka sita, Shangazi, vidole vimekutana kwa mbele, na nafasi iliyobaki katikati ilikuwa ya icansi halisi kama ile ya kwenye kioo. Si zaidi. Ndipo nikaelewa. Wewe kipimo ulikitunza mikononi, hukukipoteza hata siku moja, ukavuka nacho mpaka, ukakaa nacho miaka yote. Tatizo ni kwamba mikono ilikua. Uliendelea kukumbatia vilevile, na kila ulivyorefuka, icansi nayo ikarefuka humo ndani, mpaka siku ya harusi yangu ikawa ndoo.

Nikamshika Ineza mkono nikarudi ndani. Yule dada akauliza tumesahau nini, Mama Furaha akamjibu, "Akili, labda." Nikampeleka mtoto mpaka mbele ya ngoma, nikamwambia asimame karibu bila kugusa. Kisha mimi, mama mzima, nikapiga magoti sakafuni kando yake mpaka mabega yetu yakalingana.

Shangazi, ngoma iliinuka. Sijui niseme vipi vingine. Ngozi ya juu sikuiona tena, niliona mti tu, mweusi, mpana, umenizibia upande wote wa pili. Angekuwapo mpigaji nyuma yake nisingemwona. Ningesikia mlio tu ukiniingia tumboni.

"Inatupita, mama," Ineza alinong'ona.

"Ndiyo," nikamwambia. "Shangazi alisema."

Nililia kidogo hapo, nakiri, lakini kilikuwa kilio cha kufurahi. Mama Furaha aliona sishuki wala sipandi, akakusanya kitenge chake, akapiga magoti upande wa pili wa mtoto, akavinung'unikia viungo vyake, akatazama juu. Kisha akasema, "Ah bon. Sasa mi naona. Huyu mama hakudanganya."

Basi natangaza mbele ya kibaraza chako chote, na anayesoma apaze sauti hapa: shangazi yangu hakutia chumvi. Hata punje. Kaka yangu anayekonyeza watu nimeshampigia, amesema anaomba radhi na yuko tayari kurushiwa maganda mengine.

Uliniuliza utabaki na nini. Nimekwenda kukutazamia, sasa nakujibu. Ukija na kusimama wima kama mtu mzima, utakuta chombo kidogo na ngoma ya kiasi, sitakudanganya. Gishubi nayo pengine itakuwa kilima tu kama vilima vingine, na njia ndefu ya Babu kwenda mjini utashangaa ilivyokuwa fupi. Lakini vipo. Vilibaki hapa vikikungoja, kwa kipimo kilekile ulichoviacha nacho. Ni wewe tu uliyekua, na hilo si kosa lako, wala sisi tuliolelewa na mikono hiyo iliyokua hatuna malalamiko. Na ile icansi yako ya Mishamo, usiiache. Njoo nayo. Deo anasema ataibeba yeye, mradi iwe tupu.

Ninakukumbuka kila jioni nikizoa majivu. Mkono huanza wenyewe kuyatandaza. Juzi nilimchorea Ineza Mishamo: hapa ni kwa shangazi, hapa ni kwa fundi, hapa ni mti wa papai uliokuwa unaanguka bila kuanguka. Aliniuliza papai lenyewe lilikuwa kubwa kiasi gani. Nikafungua mikono. Kisha nikajicheka.

Pasaka haiko mbali. Magoti yako najua yanasumbua; kushuka mbele ya ngoma nitakushika mimi, kuinuka tutaita Gitega nzima. Mama Furaha ameweka kitenge cha kutandika chini usichafuke, ila ukimsifia rangi atakuuzia. Na usihangaike kuuliza usimame wapi. Ineza alipaangalia vizuri kabla hatujatoka, akajipima mwenyewe mbele ya ngoma, akaniambia amepajua. Amesema siku hiyo mimi nikae nyuma. Yeye ndiye atakayekushika mkono.

Tunakungoja kwa mikono wazi, na safari hii ni ya kukumbatia mtu.

Mtoto wa kaka yako,
uliyemwozesha kwa ndoo ya maziwa